Kununua Boti Ndogo ya Uvuvi: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Sumbawanga na Nyanda za Ufipa

Mji wa Sumbawanga hauna ziwa. Kwa mtu aliyesimama katika Kata ya Mazwi, Ziwa Tanganyika liko upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki, na yote mawili yamelala chini ya kingo za nyanda, takriban mita 1,000 chini ya usawa wa mji. Kwa hiyo mwenyeji wa huku anayetaka boti ndogo ya uvuvi mara nyingi huiona kwanza uani mwa duka, imelazwa juu ya matairi chakavu, kavu na yenye kung'aa. Huizunguka, huipapasa, hupanda ndani na kuketi, kisha hulipa. Maji yatakayomweleza ukweli wa boti ile yako mbali naye kwa saa kadhaa za barabara, na siku atakapoyafikia, fedha zitakuwa zimekwisha kutoka mkononi mwake.

Umbali huo ndio tunaoushughulikia katika sura hii. Mnunuzi wa Kipili au Kirando amezaliwa kando ya maji na anajua boti mbaya kwa kuitazama ikielea. Mnunuzi wa Mazwi ni mkulima wa mahindi, mwalimu aliyestaafu au kikundi cha vijana waliochanga. Yeye hana jicho hilo, na hakuna aibu katika kutokuwa nalo. Anachohitaji ni utaratibu utakaofanya kazi ya jicho hilo.

Tutaanza na lalamiko moja lililofika mezani petu, kwa kuwa limebeba karibu makosa yote tunayotaka kuyazuia. Wanakikundi watano walinunua mjini boti ya faiba yenye urefu wa mita 5 pamoja na injini ya kupachika ya nguvu ya farasi 25. Muuzaji aliiwasha injini ndani ya pipa la maji, ikaunguruma vizuri, wakaridhika. Boti ilipakiwa kwenye lori hadi Kasanga, safari ya zaidi ya kilomita 100. Siku ya kwanza ziwa lilikuwa shwari. Siku ya pili upepo ulivuma, na walipokuwa wakirudi ubao wa nyuma unaobeba injini ulianza kucheza, ukapasuka kwenye kona, na maji yakaingia. Ndani walikuwamo watu wanne na jaketi okozi moja. Waliokolewa na wavuvi wa dagaa waliokuwa wakitoka kwenda kazini jioni. Walipomrudia muuzaji, aliwaonyesha nakala ya risiti iliyoandikwa maneno matatu tu, "Boti moja, injini", na bango ukutani lisemalo mali ikiuzwa hairudishwi. Mwishowe alikubali kutengeneza ubao ule, lakini gharama za lori kwenda na kurudi ziliwaangukia wanunuzi, na msimu ulikuwa umekwisha kupita.

Hatudai kwamba muuzaji yule alikusudia ubaya. Huenda yeye mwenyewe hakujua kilichokuwa ndani ya ubao ule. Hilo ndilo linalotufanya tuseme kwamba swali la kwanza la mnunuzi linahusu maji, na bei hufuata baadaye.

Ziwa gani, na uvuvi gani?

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachozidi mita 1,400. Katika dunia nzima ni Baikal pekee lililo na kina zaidi. Urefu huo, uliolala kati ya kaskazini na kusini, ndio unaoupa upepo wa kusi nafasi ya kukimbia. Katika miezi ya kiangazi, hasa Mei hadi Agosti, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa siku kadhaa mfululizo na kusukuma mawimbi makubwa kuufuata urefu wa ziwa. Boti ya huko inahitaji omo lililoinuka, tumbo lenye umbo la kukata maji, na ubavu ulio juu ya maji vya kutosha hata ikiwa imepakia.

Ziwa Rukwa ni jambo jingine kabisa. Maji yake ni ya kina kifupi, mita chache tu, na ukingo wake husogea mbele na nyuma kadiri mvua zinavyozidi au kupungua kwa miaka. Mawimbi yake ni mafupi, makali, yenye kufuatana upesi. Boti nzito yenye tumbo la kina itakwama matopeni kabla haijafika penye perege na kambale. Boti ya chini mno nayo haifai, kwa kuwa mamba wapo na mkono uliolegezwa nje ya ubavu uko karibu nao kuliko mwenye mkono anavyodhani. Huko linafaa tumbo bapa au linalokaribia ubapa, lenye upana mzuri. Muuzaji akikuambia kwamba boti yake inafaa maziwa yote mawili sawasawa, mwombe akuandikie maneno hayo. Tutaona baadaye kwa nini.

Kisha uvuvi wenyewe. Anayevua dagaa usiku kwa taa na wavu anahitaji chombo kikubwa na wenzake wengi; sura hii haimhusu. Tunazungumza na anayevua kwa mshipi na ndoano, akiwafuata migebuka, sangala au kuhe, na pia kijana anayetaka kuwachukua wageni wanaokuja Kipili au Kasanga na fimbo zao. Miongoni mwa wageni hao wamo wanaovua kwa kurusha uzi mzito wenye chambo chepesi cha manyoya, kilichofungwa kifanane na mdudu au samaki mdogo. Kuhe, ambaye ni miongoni mwa samaki wakubwa kabisa duniani katika jamii ya perege na ambaye hupenda maji ya karibu na miamba, huwavutia sana. Uvuvi huo una sharti lake: uzi uliolegezwa hulala sakafuni kabla ya kurushwa, na kila kilichochomoza, iwe msumari, kichwa cha bolti, kishikio au kamba ya nanga, utaukamata. Kwa hiyo sakafu iwe tupu na laini, na penye omo pawe na jukwaa dogo la kusimamia.

Ndiyo sababu baadhi ya wanunuzi huulizia boti ambayo usukani wake umewekwa juu ya kibanda kidogo katikati, na watu wakaweza kupita pande zote mbili. Mpangilio huo una faida ya kweli: nahodha husimama na kuona mbali, uzito wake hauko tezini pamoja na injini, na anayerusha uzi ana nafasi mbele na nyuma. Hasara zake husemwa mara chache dukani. Kibanda kinaongeza uzito na bei. Nyaya za usukani na za gia hushika kutu na hukatika. Betri inahitaji kutunzwa. Na fundi wa vitu hivyo hapatikani katika kila mwalo. Kwa maoni yetu, boti ya chini ya mita 5 yenye injini ya nguvu ya farasi 15 au 25 inatosha kuongozwa kwa mkono wa injini yenyewe. Kibanda cha katikati huanza kulipa gharama yake katika boti ya mita 5 na nusu au zaidi, yenye injini ya farasi 40. Mwenye kununua kibanda kwa sababu kinapendeza machoni ana haki ya kufanya hivyo, mradi ajue kwamba ananunua urembo.

Kulikagua gamba

Boti ya mbao iliyoundwa na mafundi wa kando ya ziwa ina sifa moja kubwa: ubaya wake huonekana. Chomeka ncha ya kisu penye maungio na kando ya mkuku. Penye kuoza patapokea kisu kama muhogo uliopikwa. Tazama kalafati na uulize ilipigwa lini. Ukiwa na fundi unayemwamini kijijini, hatuna ugomvi na mbao.

Boti ya faiba ni nyepesi zaidi na haihitaji kalafati, lakini huficha. Nje ni rangi ngumu yenye kung'aa. Ndani ni tabaka za nyuzi za kioo zilizolowekwa gundi. Na katikati, hasa kwenye ubao wa nyuma na chini ya sakafu, mara nyingi kuna mbao iliyofunikwa. Maji yakipenya kwenye tundu la skurubu moja lisilozibwa vema, mbao hiyo huoza gizani kwa miaka huku rangi ya nje ikibaki kama mpya. Hicho ndicho kilichowapata wale watano.

Chukua sarafu na uigonge boti kidogo kidogo, kuanzia omo hadi tezi, ukisikiliza. Palipo pazima hutoa mlio mkavu na mkali. Palipoachana tabaka au palipolowa hutoa mlio mzito, kama wa kugonga gunia. Nyanda hizi ziliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo, yale malungu ya Wafipa, muda mrefu kabla ya duka la kwanza kufunguliwa Sumbawanga, kwa hiyo hatuoni haya kuwashauri watu wa huku kuisikiliza bidhaa kabla ya kuilipia. Baada ya kugonga, simama ndani na utembee kwa uzito wako wote: sakafu isibonyee. Kisha shika injini iliyopachikwa, kwa sehemu yake ya chini, uivute na kuisukuma kwa nguvu huku mwenzako akiutazama ubao wa nyuma. Ukiuona ukicheza hata kidogo, au nyufa nyembamba kama utando wa buibui kwenye kona zake, acha. Rangi mpya iliyopakwa sehemu hiyo tu ni sababu ya kuuliza maswali zaidi.

Uliza pia boti hiyo inaeleaje ikijaa maji. Boti nzuri ya aina hii ina vyumba vilivyozibwa au povu gumu chini ya viti na sakafu, na hata ikijaa itabaki juu ili watu waishikilie. Boti ya faiba isiyo na kitu hicho, ikiwa na injini nyuma, huzama. Mnunuzi anayo haki ya kufunguliwa sehemu hizo na kuonyeshwa.

Kuhusu idadi ya watu, wauzaji wengi hutaja kadiri boti inavyoweza kujaa. Marekani hutumika kanuni rahisi kwa boti ndogo, ambayo kwa vipimo vyetu ni hii: zidisha urefu kwa upana wa boti kwa mita, kisha uzidishe kwa 0.7. Boti ya mita 5 kwa mita 1.8 itapata 6.3, yaani watu 6, na hiyo ni katika maji shwari. Kwa Ziwa Tanganyika wakati wa kusi, pamoja na mafuta, barafu na samaki, sisi tungehesabu watu 4.

Injini na hila za mwinuko

Hapa kuna jambo ambalo mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya pwani hauwezi kukufundisha. Hewa ya Sumbawanga ni nyepesi kuliko ya ziwani, na ya ziwani ni nyepesi kuliko ya baharini. Injini isiyo na kifaa maalumu cha kusukuma hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Ziwa Tanganyika liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Basi injini iliyoandikwa farasi 25 itafanya huko kazi ya farasi 23 hivi. Usinunue injini ambayo nguvu yake inatosha kwa shida.

La hatari zaidi ni fundi mwenye nia njema. Injini yenye kabureta ikiwashwa mjini inaweza kutoa moshi mwingi na kukohoa, kwa kuwa hewa ni kidogo na petroli ni nyingi. Fundi huipunguzia petroli, inatulia, kila mtu anafurahi. Ikishushwa ziwani kwenye hewa nzito, petroli ile iliyopunguzwa haitoshi tena, injini huchemka, na pistoni inaweza kukwama ikiwa katikati ya maji. Agiza kwa maneno yaliyo wazi kwamba kabureta isiguswe mjini. Kama lazima irekebishwe, irekebishwe mwaloni.

Injini ndani ya pipa huonyesha mambo matatu: kwamba inawaka, kwamba inatoa ule mchirizi wa maji ya kupoza, na kwamba haivuji. Haionyeshi nguvu, kwa maana haisukumi kitu. Jaribio la pipa ni la lazima na halitoshi.

Pima urefu wa shingo ya injini. Zilizo za kawaida ni za sentimita 38 na 51 hivi, na ubao wa nyuma wa boti lazima ulingane nao. Bamba lililo juu kidogo ya propela, ambayo vitabu huiita rafadha, linapaswa kuwa sawa na tumbo la boti au chini yake kwa sentimita mbili tatu. Shingo ikiwa fupi, propela hunyonya hewa penye mawimbi, na boti hupoteza msukumo pale hasa unapohitajika. Ikiwa ndefu, huburuta na kugonga miamba. Linganisha namba ya injini iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyo katika nyaraka. Injini nyingi hufika huku kupitia Tunduma, na isiyo na nyaraka za forodha inaweza kukamatwa mikononi mwako ilhali aliyekuuzia hayupo. Vuta ile kamba ya kuzimia injini ambayo nahodha huifunga mkononi: injini lazima izimike papo hapo. Tumekuta boti ambazo kamba hiyo ilikuwa pambo.

Hesabu mafuta kabla ya kuchagua ukubwa. Injini inayochanganyiwa oili kwenye petroli, ikiendeshwa kwa nguvu zote, hula karibu nusu lita kwa kila nguvu ya farasi kwa saa moja, au pungufu kidogo. Ya farasi 25 itakula lita 11 au 12 kwa saa. Wazoefu hugawa mafuta mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la dharura ambalo haliguswi. Safari ya saa 2 kwenda peke yake, basi, inadai lita zaidi ya 65 ndani ya boti. Kwa injini nyingi oili ni lita 1 kwa lita 50 za petroli, na zaidi ya hapo injini ikiwa mpya. Kitabu cha injini ndicho mwamuzi.

Mkataba unaofika hadi majini

Sasa tunafikia kiini. Mnunuzi asilipe fedha zote kwa boti ambayo hajaiona ikifanya kazi katika ziwa atakalolitumia. Alipe sehemu, na iliyobaki ailipe mwaloni baada ya majaribio, na yote hayo yaandikwe kabla ya lori kuondoka.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iko upande wa mnunuzi wa namna hii, ila inamsaidia anayejua kuitumia. Inasema, kwa ufupi, kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji matumizi mahsusi anayoyakusudia, kwa namna inayoonyesha kwamba anautegemea ujuzi wa muuzaji, na bidhaa ikiwa ni ya aina ambayo muuzaji huyo hufanyia biashara, basi kuna sharti, hata kama halikutamkwa, kwamba bidhaa iyafae matumizi hayo. Usiseme tu, "Nataka boti." Sema, na uandike: "Nataka boti ya kuvulia kwa mshipi Ziwa Tanganyika kutokea Kasanga, ya watu wanne, wakati wa kusi." Sentensi hiyo moja ina nguvu kuliko kurasa za malalamiko baadaye.

Sheria hiyo hiyo ina mitego miwili. Wa kwanza: ukiomba bidhaa mahsusi kwa jina lake la kibiashara, sharti hilo la kufaa kwa matumizi yako linaweza kuanguka. Anayeingia dukani na kusema, "Nipe Yamaha ya 40," amekwisha kuchagua mwenyewe. Muuzaji hakuulizwa kitu. Wa pili: ukiikagua bidhaa, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Ukaguzi wa juujuu, wa kupapasa na kutikisa kichwa, ni mbaya kuliko unavyoonekana, kwa kuwa unaweza kukunyima haki bila kukupa maarifa. Kagua kwa kina, au andika wazi kwamba hukukagua sehemu zilizofunikwa na kwamba unamtegemea muuzaji juu ya hizo.

Faida kubwa iko katika suala la kupokea. Mtu aliyeletewa bidhaa ambayo hajapata kuikagua hahesabiwi kuwa ameikubali hadi apate nafasi ya kutosha ya kuikagua aone kama inalingana na mkataba. Kwa boti, nafasi hiyo ni majini. Mkataba ukisema, "Boti itahesabika kupokewa baada ya majaribio ya saa 2 mwaloni Kasanga, mnunuzi akiwapo," hakuna atakayekuambia kwamba uliipokea uani Mazwi. Ongeza ni nani anayebeba hasara boti ikiumia barabarani. Msipoandika, hatari kwa kawaida humfuata mwenye mali, na kwa bidhaa iliyokwisha kuchaguliwa umiliki unaweza kuhamia kwako mapema kuliko unavyodhani, hata kabla boti haijafika kwenye mteremko.

Majaribio yenyewe yasiwe matembezi. Pakia uzito halisi wa kazi, watu au mifuko ya mchanga. Endesha polepole, kisha kwa nguvu zote kwa dakika 20 angalau, kwenda na upepo na kuurudia. Geuka ghafla pande zote mbili. Zima na uwashe injini ikiwa ya moto. Wote wasimame ubavu mmoja, kama watakavyosimama siku samaki mkubwa atakaposhika ndoano, muone boti inalala kiasi gani. Mkirudi, inueni sakafu mtazame ngama: maji yaliyomo yamepita wapi? Chagua siku yenye upepo wa wastani, na kila mmoja avae jaketi okozi. Muuzaji anayekataa majaribio ya namna hiyo amekujibu swali ambalo hukuwa umeliuliza.

Bango la mali ikiuzwa hairudishwi halina nguvu linalojidai kuwa nayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha na maelezo ya uongo juu ya bidhaa, na bango haliufuti uongo uliosemwa chini yake. Hata hivyo ni vigumu kuthibitisha maneno ya mdomo. Ndiyo maana tunasisitiza karatasi, pamoja na risiti ya EFD inayotaja aina ya boti, urefu, namba ya injini na bei ya kila kimoja.

Boti iliyotumika, inayouzwa na mtu binafsi asiyefanya biashara ya boti, hainufaiki na sehemu kubwa ya ulinzi tulioueleza. Huko ukaguzi ndio kila kitu. Nenda na fundi, ulipe siku yake, na uulize kwa uongozi wa mwalo kama boti hiyo haina deni, kesi au mmiliki mwingine.

Baada ya kununua

Chombo cha uvuvi husajiliwa na mvuvi hupata leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Afisa uvuvi wa halmashauri ndiye wa kumwanzia. Usalama wa chombo ni kazi ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC. Mwenye nia ya kuchukua wageni kwa malipo aseme hivyo mapema, kwa kuwa chombo cha abiria hukaguliwa kwa masharti mengine, na boti iliyonunuliwa kwa kuvulia inaweza isiyatimize.

Anayenunua kwa mkopo aihesabu miezi ambayo ziwa linafungwa. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana. Marejesho ya mkopo hayafungwi pamoja na ziwa. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu viulizie kwanza mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, na viombe ratiba ya marejesho inayoitambua miezi hiyo mitatu.

Jaketi okozi zinunuliwe siku moja na boti, moja kwa kila kichwa, na zihesabiwe ndani ya bei ya boti. Zivaliwe na kujaribiwa majini. Zile za bei ya chini sana zenye sponji la kawaida hunywa maji na kuwa mzigo. Pamoja nazo ziwemo kasia mbili, nanga yenye kamba, kopo la kuchotea maji, tochi na filimbi.

Kasoro ikijitokeza, acha kuitumia boti siku hiyo hiyo, maana kuendelea kuitumia kunaweza kuhesabiwa kuwa umeikubali. Ipige picha ikiwa bado mwaloni, pamoja na namba ya injini. Mwandikie muuzaji barua, ueleze kasoro na unachokitaka, iwe ni matengenezo, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha, umpe siku za kujibu, na ubaki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokewa. Usimruhusu fundi mwingine kuifungua sehemu yenye kasoro kabla muuzaji hajapata nafasi ya kuiona. Asipojibu, lete ofisini kwetu nakala ya barua hiyo, mkataba, risiti na picha, au uziwasilishe kwa Tume ya Ushindani. Wale watano wa Kasanga walikuja wakiwa na risiti ya maneno matatu na simu yenye picha moja, iliyopigwa siku ya kwanza, ziwa likiwa shwari.